Jembe, daftari na mkeka: Nilichojifunza baada ya kuhama Nairobi nikarudi kwa susu

Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa tisa alasiri, ukipita kwetu utaona mikeka mitatu chini ya mwembe, sufuria ya uji wa wimbi na watu kama 15 hivi wakibishana. Hakuna mhubiri. Hakuna mwanasiasa aliyekuja kugawa leso. Hakuna anayezungusha kitabu cha michango. Kuna swali moja tu lililoandikwa kwa makaa kwenye kipande cha katoni, likapachikwa kwenye shina la mti kwa mwiba: “Kutosha ni kiasi gani?”

“Kutosha ni watoto walale wameshiba na karo iwe imelipwa,” anaanza mama mwenye kioski.

“Karo ya muhula gani?” anauliza mwalimu mstaafu, na watu wanacheka.

Jamaa wa boda amekaa juu ya nduthi yake kana kwamba anaweza kuitwa na abiria wakati wowote. “Mimi sijawahi kuiona hiyo inayotosha. Nikipata mia tano nataka elfu. Nikipata elfu, petroli imepanda.”

Susu wangu, yaani nyanya yangu, hainui macho. Anapepeta ndengu kwenye ungo. “Unajua inatosha ukishampa mwingine kidogo na wewe usilale njaa,” anasema, kisha anaomba mtu amsogezee debe.

Nami naandika. Ndiyo kazi yangu pale: kulima kama wengine, kubishana kama wengine, na kuandika.

Nikiwaambia marafiki wa Nairobi kwamba haya ndiyo maisha yangu, wengi husema, “Unaishi ile ndoto.” Sivyo hasa. Naomba nikueleze yote, pamoja na madeni.

Nilikuja kwa wiki mbili

Hadi Juni 2022 nilikuwa nikiishi kwenye keja ya chumba kimoja Kasarani, kodi Sh9,000. Nilifanya kazi katika ofisi moja ya matangazo, nikiandika maneno matamu ya kuuzia watu sabuni na bando za intaneti. Mkataba ulipoisha haukufanywa upya. Nilituma barua za maombi ya kazi mpaka nikaacha kuhesabu. Kula nilikula kwa mikopo ya simu. Unakopa huku ulipe kule, unakopa kule ulipe huku, na kila mara deni linabaki na mtoto.

Agosti nikapanda matatu pale Machakos Country Bus na begi moja na laptopu. Mpango ulikuwa nikae kwa susu, kijijini karibu na Wote katika Kaunti ya Makueni, wiki mbili tu, nijipange.

Susu hakuniuliza lolote. Siku ya kwanza alinichinjia kuku. Siku ya pili alinipikia isyo. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, alisimama mlangoni na majembe mawili. Methali ile sote tuliifundishwa shuleni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikujua kuna watu wanaoifuata neno kwa neno.

Shamba letu ni ekari 2 kwenye mteremko. Kuna miembe 6, mbuzi 9 wakati huo, kuku wasiohesabika kwa sababu mwewe naye ana hesabu zake, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha kwa hasira unashuka wote hadi kwenye korongo.

Milioni za kwenye simu

Nilikuwa nimetazama video nyingi za vijana wanaosema walipata mamilioni kwa tikitimaji katika miezi mitatu. Nikafanya hesabu kwenye simu: ekari moja ya ndengu, magunia matano, bei kadha, faida kadha. Nikakopa tena kununua mbegu. Susu alitaka tuchanganye mtama, kunde na mbaazi. Nikamwambia huo ni ukulima wa kizamani, soko linataka zao moja. Akaninyamazia, akachukua kipande chake kule chini akapanda anavyojua.

Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi ni ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba. Mwaka huo wa 2022 ilinyesha siku chache, ikakatika. Maeneo kame ya Kenya yalikuwa yameingia msimu wa tano mfululizo wa mvua kufeli. Mimi niliyapata hayo kwenye habari. Susu aliyajua kwa kuangalia mbuzi.

Kutoka ekari nzima nilivuna debe moja na nusu. Susu, kwenye kipande chake, alipata mtama kidogo, majani ya kunde ya kutulisha wiki kadhaa, na mbaazi ambazo zilivumilia hadi baadaye. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Mistari mitatu kila jioni

Daftari nililianza wakati huo, na si kwa sababu ya kupenda sanaa. Sikuwa na bando, na kila nikiwasha simu kulikuwa na mtu wa kudai. Nikachukua kitabu cha mazoezi cha kurasa 200 na kujiwekea sharti: kila jioni mistari mitatu. Nimefanya nini leo. Nimeona nini. Najiuliza nini.

Mistari ya mwanzo ilikuwa kama hii:

Novemba 28. Nimepalilia hadi saa nne. Mawingu yamepita juu yetu kama matatu iliyojaa, hayakusimama. Najiuliza kama susu ana hofu na anaificha.

Desemba 3. Nimechota maji mara tatu. Susu amehesabu mbuzi mara mbili. Najiuliza kwa nini nimeshinda na hasira, na jioni hii naona si mvua niliyoikasirikia. Ni ile simu.

Nilipoandika hilo la pili nilishtuka kidogo. Kutwa nzima nilikuwa nimemjibu susu vibaya kuhusu maji, kuhusu kuni, kuhusu kila kitu, na sababu haikuwa yeye. Bila ule mstari wa tatu singelijua.

Baada ya msimu mmoja, daftari likawa na faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kumbukumbu za kichwani ni rahisi kudanganya. Lakini daftari lilinionyesha mvua ilianza lini na ikakatika lini, wadudu waliingia kwenye kunde baada ya siku ngapi, na mbegu ya nani iliota vizuri. Mwalimu mstaafu alipoliona alisema, “Huu ni utafiti, mjukuu wangu. Umekosa tu koti jeupe.”

Mkimbizi aliyelima na kuandika

Rafiki yangu mmoja alipokuja kunitembelea aliniletea kitabu cha mtumba alichonunua kando ya barabara Nairobi: riwaya ya Bessie Head. Sikuwa nimewahi kumsikia. Sasa namtaja kila mahali kama mtu aliyeokoka.

Bessie Head alizaliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka wa 1937. Mama yake alikuwa Mzungu, baba yake Mwafrika, na alizaliwa mama huyo akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alilelewa na watu wengine, akawa mwalimu, kisha mwanahabari. Mwaka wa 1964 aliondoka nchini mwake kwa kibali kisichomruhusu kurudi, akiwa na mtoto mdogo, akaenda kufundisha katika kijiji cha Serowe, nchi inayoitwa leo Botswana. Kazi ya ualimu haikudumu. Akabaki mkimbizi, na uraia hakuupata hadi 1979.

Riwaya yake ya kwanza, When Rain Clouds Gather, ilitoka mwaka wa 1968. Inamhusu mkimbizi anayejiunga na watu wa kijiji kikame katika mradi wa kilimo. Pesa za kitabu hicho zilimsaidia kujenga nyumba ndogo Serowe, naye akaiita Rain Clouds, yaani mawingu ya mvua. Mtu anayeishi Makueni anaelewa kwa nini.

Kilichonigusa zaidi ni bustani. Serowe kulikuwa na mradi wa kujitegemea ulioitwa Boiteko, na Bessie Head alifanya kazi kwenye bustani yake pamoja na wanawake wa kijiji. Walipanda mboga. Alipika jemu kutokana na lile tunda dogo la manjano linalojifunika kwa ganda kama karatasi, ambalo sehemu za Mlima Kenya huitwa nathi. Alikuwa pia ameugua akili vibaya sana huko Serowe, na katika riwaya yake A Question of Power ya mwaka wa 1973, mhusika mkuu anayepitia mateso kama hayo anashikiliwa na kazi ya bustani na urafiki wa mwanamke anayelima naye.

Halafu akafanya jambo jingine. Alizunguka kijijini akiwahoji watu: wazee, walimu, mafundi, wakulima. Akayaweka maneno yao kwenye kitabu, Serowe: Village of the Rain Wind, kilichotoka mwaka wa 1981. Alifariki mwaka wa 1986 akiwa na miaka 48.

Nilipomaliza kusoma habari zake nilijiuliza: mimi naandika kuhusu majirani zangu kila jioni, je, nimewahi kuwauliza chochote?

Siku ya mwethya

Jibu lilikuja Agosti 2023. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakionya kuhusu El Niño. Matuta kwenye mteremko wetu yalikuwa yamebomoka. Susu akaitisha mwethya.

Kama hujui mwethya, ni kazi ya pamoja ya Wakamba. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Wakikuyu wana ngwatio, Wajaluo wana saga. Kwetu wengi wanaojitokeza ni akina mama, na mwenye shamba huwapa chakula na uji. Tulichimba matuta ya aina inayoitwa fanya juu. Jina limejieleza. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, kina futi mbili hivi, na udongo unaurusha upande wa juu ili ufanye ukingo. Maji yakishuka yanagonga ukingo, yanatulia, yanazama. Miaka ikipita, mteremko unageuka ngazi.

Jina hilo la Kiswahili linatumiwa na wataalamu wa udongo hata nje ya Kenya. Nalo lina historia. Miaka ya 1930 wakoloni walisema Ukambani imeharibika kabisa kwa mmomonyoko na mifugo mingi. Walipotaka kupunguza ng’ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi mwaka wa 1938 kupinga. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na wakayachukia. Lakini baada ya uhuru, vikundi vya mwethya viliyachimba kwa hiari. Mwaka wa 1994 watafiti watatu walichapisha kitabu kuhusu Machakos, wilaya ambayo hapo awali ilikuwa imejumuisha Makueni. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara sita tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Kazi ile ile. Tofauti ni nani aliyeamua ifanywe.

Basi tulipomaliza mtaro wa tatu tukakaa kunywa uji. Mama mmoja akaniuliza, “Wewe msichana, kila jioni unaandika nini? Unatusengenya?”

Nikachukua daftari nikawasomea kurasa mbili. Moja ilihusu mbuzi aliyeingia kanisani. Wakacheka, kisha wakaanza kunisahihisha. “Huyo mbuzi hakuwa wa nani, alikuwa wangu!” “Na hakuingia wakati wa sadaka, ni wakati wa maombi.” Halafu ukurasa wa pili, ambapo nilikuwa nimeandika kwamba watu wa hapa wamezoea shida. Pakawa kimya.

“Hatujazoea,” akasema yule mama wa kioski. “Tumechoka kulalamika, si kwamba tumezoea. Hayo ni mambo mawili. Andika vizuri.”

Nikafuta. Wakakubaliana turudi Jumapili, nisome tena, wasahihishe tena. Ndivyo mkeka ulivyoanza.

Kanuni zikaja zenyewe. Swali moja kwa kikao. Wazee hawaanzi kusema, wanamalizia. Simu zinakaa mfukoni, isipokuwa ya jamaa wa boda, kwa sababu ndiyo ofisi yake. Na siandiki jambo la nyumba ya mtu bila idhini yake, ndiyo maana hapa huoni majina.

Baadaye nilisoma kwamba Wangari Maathai alifanya jambo la kufanana na hili na vikundi vya Green Belt Movement, shirika aliloanzisha mwaka wa 1977. Kabla ya miche, watu walikaa wakaorodhesha shida zao, kisha wakaulizwa zimetoka wapi. Alikuwa akiwapa mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake: lazima ujiulize ulilipandaje kabla ya kushuka.

El Niño ilipofika Novemba ilinyesha hadi tukaacha kushangilia. Mtaro mmoja ulipasuka. Mingine ikashika. Msimu huo tulivuna magunia manne ya ndengu. Kwa bahati mbaya kila mtu alikuwa amevuna, na bei ikaanguka.

“Unafanya umaskini wetu uonekane mtamu”

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Mapema 2024 niliweka picha kwenye Instagram: mikono yangu yenye udongo, kikombe cha uji, machweo ya jua. Nikaandika maneno kuhusu maisha mepesi na jinsi mtu anavyohitaji vitu vichache sana. Ilipendwa kuliko chochote nilichowahi kuweka. Watu wa Nairobi wakaniandikia, “Naacha kazi kesho.”

Kikao kilichofuata jamaa wa boda alifika mapema. Akapitisha simu yake, kila mtu akaona picha. Kisha akanigeukia.

“Dada yangu, mimi nakuheshimu. Lakini hapa unafanya umaskini wetu uonekane mtamu. Wewe una diploma. Ukichoka unapanda matatu. Mama hapa akichoka anaenda wapi? Vitu vichache tumevichagua sisi?”

Nilitaka kujitetea. Nikaanza hata kusema kwamba hata mimi nimesota. Mwalimu mstaafu akaniangalia tu, nikanyamaza. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimeliweka kwenye ile picha, wala kwenye mkeka, wala hata kwenye daftari kwa ukamilifu. Nilikuwa bado na deni la Sh43,000 kwenye programu tatu za mikopo. Nilibadilisha laini ya simu ili wasinipate. Wakampigia rafiki yangu, wakampigia binamu yangu. Kila mwezi nililipa kidogo kwa pesa nilizomwambia susu ni za mbegu.

Nikasema. Sijui niliyasema vipi, lakini niliyasema yote, na susu alikuwa pale.

Kwa muda tulisikia mbuzi tu. Kisha mama wa kioski akasema, “Mimi ni elfu 12. Mume wangu hajui.” Kijana mwingine akasema yake ilitokana na kubashiri mechi. Mwalimu mstaafu akasema alimdhamini mwenzake kwenye ushirika, mwenzake akatoweka, na pensheni yake inakatwa hadi leo. Susu hakusema kitu hadi watu walipoondoka. Ndipo aliponiambia, “Ungeniambia tungeuza mbuzi mmoja mwaka juzi. Sasa riba imekula wawili.”

Sikupona siku hiyo. Aliyekuambia ukisema tatizo lako limeisha alikudanganya. Lakini tulianza kufanya mambo fulani. Kila mwenye deni aliliandika kwenye karatasi yake mwenyewe: nani, kiasi gani, riba gani. Tukakubaliana mbegu za vuli tununue pamoja ili mtu asikope kwa ajili ya mbegu. Mimi nilirudisha laini yangu ya zamani, nikawapigia wadai mmoja mmoja. Deni la mwisho nililimaliza Machi 2025. Ile picha niliiondoa.

Ardhi iuzwe?

Jambo zito zaidi lilikuja mwishoni mwa 2024. Baba mdogo alitaka nusu ekari iliyo kando ya barabara iuzwe. Mwanawe, binamu yangu niliyekua naye, alikuwa amepata wakala wa kumpeleka Qatar kazi ya ulinzi, na wakala alitaka pesa.

Kwanza tuliongea nyumbani, na haikuwa mazungumzo, ilikuwa kelele. Binamu mwenyewe ndiye aliyesema, “Tupeleke kwenye mkeka.” Swali likaandikwa: “Ardhi ni ya nani?”

Nilitarajia watu wamwambie abaki. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kivulini. Mzee mmoja alijaribu, akaanza na habari za mababu. Binamu akamkatiza kwa adabu.

“Mzee, mimi nimechimba mitaro hii. Mtaro wa tatu wote ni mikono yangu. Lakini nina mtoto wa miaka minne. Mnataka nibaki ili tuongee maisha mazuri kila mwisho wa mwezi?”

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mwalimu mstaafu akauliza maswali ya maana: huyo wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Mkataba umeuona kwa macho yako? Mshahara umeandikwa wapi? Mwingine akakumbusha kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi kwa kupeana mikono. Lazima idhini ya bodi ya ardhi. Na hatimiliki ina jina la susu.

Susu alimalizia, kama kanuni yetu inavyosema. Alisema haoni aibu kijana kwenda kutafuta. Marehemu babu alifanya kazi Mombasa miaka 11. “Lakini babu yako alikuwa na mahali pa kurudi. Nikiuza kipande hiki, wewe nawe utarudi wapi?”

Ardhi haikuuzwa. Mbuzi watano waliuzwa. Wakala wa kwanza hakupatikana kwenye orodha ya waliosajiliwa, tukashukuru Mungu, na binamu akatafuta mwingine. Watu wa mkeka walimkopesha kilichobaki, bila riba, kwa maandishi. Aliondoka Februari 2025. Baba mdogo hakuongea na susu kwa miezi miwili. Hadi leo anaamini tungeuza.

Kuna Jumapili nyingine binamu hupiga simu akiwa kwenye mapumziko, tunaiweka sauti ya juu katikati ya mkeka. Mara ya kwanza alipopiga tulidhani atatuambia kuhusu majumba marefu. Aliuliza, “Ule mtaro wa tatu umeshika?”

Kama unafikiria kurudi

Sitakuambia uache kazi. Nikiri pia kwamba shamba pekee halinilishi. Siku mbili kwa wiki naenda Wote penye intaneti nzuri, naandikia watu makala na kuwatafsiria nyaraka. Pesa hizo ndizo zinanunua sukari, dawa ya mbuzi na sodo. Ndengu na maembe hulipa mambo makubwa, zikikubali. Lakini haya nimejifunza, na yanaweza kukufaa hata ukiwa Umoja au Kisauni kwenye ghorofa ya tano.

Usipande hesabu za video. Kaa msimu mmoja na mtu anayelijua shamba hilo kabla ya kuweka pesa zako. Panda mchanganyiko, ili moja likifa jingine likuvushe.

Andika mistari mitatu kila siku. Si lazima iwe mizuri. Mstari wa tatu, ule wa kujiuliza, usiuruke hata ukiwa umechoka, kwa sababu ndio utakaokuonyesha unajidanganya wapi.

Kabla ya kuandika kuhusu watu, wasomee watu hao. Watakusahihisha, na itauma kidogo.

Tafuta mkeka wako. Unaweza kuwa kwenye veranda ya ploti, nje ya kinyozi, au kwenye stendi ya boda. Swali moja, watu wachache, na mtu wa kuanza kusema ukweli wake. Kwetu ilibidi niwe mimi, na nilichelewa.

Na deni la simu, liandike kwenye karatasi leo. Lote.

Swali la mwezi huu

Mvua ya vuli inakaribia. Mitaro tumeizibua wiki iliyopita, watu 11, siku mbili. Susu ana miaka 78 na bado anatufokea tukirusha udongo upande wa chini.

Katoni ya mwezi huu ameandika jamaa wa boda, ambaye siku hizi anakaa mkekani kama watu wengine. Anasema limemsumbua tangu binamu aondoke, na kwamba kila abiria kijana anayembeba siku hizi ana begi kubwa. Ameandika kwa herufi za kuinama: “Tukienda sote, nani atazibua mitaro?”

Sina jibu. Jumapili tutalijaribu. Ukiwa karibu na Wote, karibu, uji utakuwepo. Njoo na kikombe chako, vyetu havitoshi.